Shamba na Nyumba: Shamba Lililoacha Nafaka

Mwezi huu habari ya ufugaji wa kuku itangoja, kwa kuwa tumeletewa barua ambayo neno lake lawahusu wengi. Imetoka kwa mwalimu mmoja akaaye upande wa Temeke, mbele ya Mbagala, na maneno yake kwa ufupi ni haya. Baba yao alipofariki aliacha shamba la ekari mbili katika bonde la mto Mzinga. Zamani shamba lote lilikuwa la nafaka: chini majaruba ya mpunga, juu mtama na mahindi. Kisha mzee akaishiwa na nguvu, watoto wakaenda kazini mjini, ndege wakakosa mtu wa kuwaamia, naye akakodisha. Sehemu ya juu wakapewa watu wa malori, wakaifanya uwanja wa kuegesha magari na kushusha kifusi. Katikati wakaingia wakulima wa mchicha. Sehemu ya chini ikauzwa mchanga wake, lori baada ya lori, hata pakawa shimo. Sasa wapangaji wamekwisha kuondoka, na ndugu wanne wamegawana shamba kwa kamba, nusu ekari kila mmoja. Shimo limemwangukia dada yao, naye ni mjane mwenye watoto watatu. Aliponung'unika aliambiwa ya kwamba nusu ekari ni nusu ekari. Mwalimu atuuliza maneno mawili: Je, shamba hili laweza kurudia nafaka? Na mgawo ule ulikuwa wa haki?

Hatujaliona shamba lenyewe, wala hatuwezi kulihukumu tukiwa mezani. Lakini namna ya kulipima twaijua, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji fedha. Yahitaji sepetu, ndoo, kipande cha nondo, na mtu asiye na haraka.

Uzaramo imepata kuona nafaka ikisukumwa kando zamani vilevile. Mwaka 1902 serikali ya Wadachi iliwaamuru watu wa wilaya ya Dar es Salaam walime pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, kila mtu siku 28 kwa mwaka, na siku hizo zilikatwa katika siku za kupalilia chakula chao. Uchungu wa pamba ile, huku na kule kusini, ulikuwa mojawapo ya kuni zilizowasha vita vya Maji Maji mwaka 1905. Lakini pamba ilichukua siku za watu, na udongo ukabaki mahali pake. Leo hakuna akida wala kiboko; mji wenyewe ndio unaovuta, kwa kuwa wataka mchanga wa kujengea, mahali pa kuweka malori, na mboga kila asubuhi, nao hulipa papo hapo. Mchicha huvunwa katika majuma matatu au manne, lakini mpunga humngojesha mtu miezi minne na zaidi. Hatumlaumu mzee yule. Mwenye ada ya shule ya kulipa mwezi wa Januari hawezi kungoja mavuno ya mwezi wa Juni. Wala jambo hili si la pwani yetu peke yake: huko Uchina, mwezi wa Novemba 2020, serikali kuu ilitoa agizo la kuzuia mashamba bora ya nafaka yasifanywe mabwawa ya samaki na bustani za miti, kwa kuwa iliona mashamba yakiponyoka vivi hivi.

Basi mwenye kupima shamba la namna hii ajiulize kwanza: udongo huu umeondolewa nini, na umeongezewa nini? Maana watu wengi hutazama ukijani tu. Wakiona majani yamesimama husema shamba ni zima, wakiona pamekauka husema limekufa, na mara mbili wakosa. Magugu huota hata juu ya kifusi, na ardhi iliyo wazi kiangazi yaweza kuwa njema kabisa chini.

Kabla ya kuchimba penye mashaka, chimbeni kwanza mahali pasipoguswa. Kila shamba la zamani lina mahali hapo: ukingo wa mpaka, chini ya mwembe wa babu, au karibu na makaburi ya wazee (karibu, twasema, si juu yake). Chimbeni shimo la kina cha mkono mzima, toka bega hata vidole, mkate ukuta wake mmoja wima, kisha mtazame. Mtaona tabaka la juu lenye rangi iliyokoza, lenye mizizi midogo mingi na vijia vya nyungunyungu. Chini yake rangi hugeuka, huwa jekundu au la kijivu, na mizizi hupungua. Pimeni unene wa tabaka lile la juu kwa rula ya mtoto wa shule na kuuandika. Hicho ndicho kipimo chenu. Mashimo mengine yote ya shamba mtayalinganisha na hili, na bila hili hamtajua kama mmepoteza au mlikuwa hamna tangu mwanzo.

Sasa twende juu, penye malori. Hapa udongo haukuondoka, umeshindiliwa. Ngojeni siku mbili baada ya mvua nzuri, ndipo mshike nondo na kuisukuma ardhini kwa nguvu za mikono. Penye udongo mzima itashuka polepole bila kusita. Penye tabaka gumu itakwama, nanyi mtajua ni kina gani. Kisha chimbeni, mkaitazame mizizi ya magugu: ikiwa yashuka, halafu yapinda na kutambaa ubavuni kama mtu aliyekuta mlango umefungwa, basi mahindi nayo yatafanya vivyo hivyo, na katika juma la kwanza la jua kali yatanyauka. Kipimo kingine ni kopo kubwa lililotolewa kitako. Lipigeni ardhini nusu yake, mlijaze maji, mhesabu muda hata yanywewe, kisha mfanye hivyo pale penye mwembe. Tofauti mtaiona wenyewe, wala haihitaji elimu ya chuo.

Ugumu wa udongo usidharauliwe. Wazee wangali wakikumbuka mpango mkubwa wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha Kongwa mwaka 1947. Ujumbe ulioichunguza nchi mwaka 1946 ulipita kwa majuma machache tu, nao ukasifu. Kumbe udongo wa Kongwa, mvua ikiisha, hukauka ukawa kama saruji. Majembe ya matrekta yakalika, karanga zikashindwa kung'oka, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Wale walikuwa na mitambo na mabwana shamba wengi. Walichokosa ni kuchimba mashimo ya kutosha, na kuyachimba kiangazi vilevile.

Lakini habari za sehemu hii ya juu si mbaya, maana ugumu huvunjika. Ondoeni kifusi chote kwanza, wala msikichanganye na udongo, kwa kuwa vipande vya saruji, misumari na vioo hubaki miaka mingi. Pale mafuta ya magari yalipomwagika, mtapajua kwa weusi na harufu. Chimbeni mpaka harufu iishe, mkautenge udongo ule mbali na mto. Halafu lainisheni kwa jembe wakati ardhi ina unyevu kidogo, si tope wala si jiwe, mkapande mbaazi au marejea kwa misimu miwili. Mizizi yake huingia ndani mahali jembe lisipofika. Mtama utafuata, kisha mahindi.

Katikati, penye mchicha, twaomba msomaji asome taratibu, maana hapa watu hudanganyika pande zote mbili. Wako wasemao kwamba bustani ya mboga imekwisha kuchosha udongo. Mara nyingi ni kinyume chake. Mkulima wa mchicha humwaga samadi ya kuku na ya ng'ombe mwaka baada ya mwaka, na ukichimba tuta lake la zamani wakuta udongo mweusi, mlaini, wenye nyungunyungu kuliko majaruba ya mzee yalivyokuwa. Kwa uzito wa udongo peke yake, huenda hii ndiyo nusu ekari bora kuliko zote. Mashaka yako katika maji.

Ulizeni: maji ya kumwagilia yalitoka wapi? Ikiwa yalitoka kisimani, tafuteni chumvi. Pwani hapa visima vingi vina maji ya magadi au ya chumvi, na kila ndoo imwagwayo huacha chumvi yake ardhini jua likichukua maji. Ishara ni ukungu mweupe juu ya matuta wakati wa kiangazi, na ncha za majani zilizoungua. Chumvi si adui mkubwa ikiwa maji yana njia ya kutoka: fungueni mifereji kabla ya masika, mvua za Machi hata Mei zitaiosha. Mpunga huvumilia kidogo maji yakiwa mengi. Maharage hayavumilii kabisa.

Ikiwa maji yalitoka mtoni, hasa chini ya viwanda, machinjio au mabwawa ya majitaka, hapo jicho halifai kitu. Tuna mfano wetu wenyewe. Mto Msimbazi watoka vilima vya Pugu na Kisarawe, wapita Vingunguti na Kigogo, wapokea maji ya Sinza, ndipo uingie baharini penye daraja la Selander. Mwaka 1999 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao wa mboga zilizolimwa kandokando ya Sinza na Msimbazi. Walipima ndani ya majani risasi, kadimiamu, shaba na zinki, wakazikuta. Mboga zile zilikuwa za kijani na zenye afya machoni, na zilinunuliwa vizuri sokoni. Kuosha majani huondoa vumbi na tope. Kilichoingia ndani ya jani hakioshwi.

Na je, tukiacha mboga tukarudia mpunga, si tutakuwa salama? Si lazima. Risasi hupenda kubaki katika udongo wa juu, na hupanda kidogo sana hata kwenye punje, lakini kadimiamu huingia ndani ya mchele. Huko Ujapani, katika bonde la mto Jinzu, mkoa wa Toyama, maji ya mgodi yaliyanywesha majaruba kwa miaka mingi, na wenyeji, hasa wanawake wazima waliozaa, wakashikwa na ugonjwa wa mifupa wenye maumivu makali mno hata jina lake la Kijapani, itai-itai, ni kilio cha mtu aumiaye. Serikali yao ilikiri chanzo chake mwaka 1968. Kuyaponya majaruba kwa kuyafunika udongo mpya kulichukua zaidi ya miaka 30, na kazi ilimalizika mwaka 2012. Hatusemi kwamba bonde la Mzinga limekuwa Toyama. Hatuna haki ya kusema hivyo, na huenda udongo wa mwalimu wetu ni safi kama ulivyokuwa siku za babu yake. Twasema tu kwamba swali hili hujibiwa na maabara, si na jirani.

Kupeleka udongo maabara si kazi ngumu, ila watu wengi huukusanya vibaya. Twaeni udongo mahali kumi au kumi na tano katika kila sehemu, toka juu hata sentimita 20, mkauchanganye ndani ya ndoo ya plastiki. Msitumie ndoo ya bati, maana bati limepakwa zinki nayo itaingia katika hesabu. Anikeni kivulini, jazeni mfuko wa nusu kilo, andikeni jina la sehemu na tarehe. Msichanganye udongo wa sehemu mbili katika mfuko mmoja ili kupunguza gharama; mtalipa fedha kupata jibu lisilo la sehemu yo yote. Uchachu, chumvi na rutuba hupimwa katika Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro na katika kituo cha utafiti cha Mlingano, Tanga. Kwa habari ya risasi na kadimiamu, ulizeni kwa Mkemia Mkuu wa Serikali hapa Dar es Salaam. Waambieni wazi mwataka kujua nini, maana kipimo cha rutuba peke yake hakitaji sumu hata kama ipo.

Wako pia wasomaji wetu wa Mkuranga na Kisarawe waliogeuza mashamba ya mtama kuwa mikorosho. Hao waangalie uchachu hasa. Salfa inyunyizwayo kwa miaka mingi juu ya ubwiri unga hudondoka chini na kuuchachusha udongo, na mahindi hayastawi katika udongo mchachu. Majivu ya jikoni na chokaa husaidia, baada ya kupima.

Sasa tumefika shimoni. Hapa twataka kufanya hesabu kidogo, nanyi walimu mwaweza kuwapa watoto darasani. Nusu ekari ni mita za mraba 2,000 na kitu. Udongo wa juu wenye unene wa sentimita 20 katika nusu ekari ni mita za ujazo 400 na kidogo. Lori dogo likichukua mita 5, ni safari 80. Yaani malori manne kwa siku, katika siku 20, huondoa kitu ambacho kilifanyizwa kwa karne nyingi na mafuriko, majani yaliyooza na wadudu. Na hilo ni tabaka la juu tu, ambalo mchimba mchanga hulisukuma kando kama takataka ili aufikie mchanga wenyewe ulio chini. Hakuna samadi ya kurudisha hayo katika maisha ya mtu mmoja. Tusemapo kwamba shamba la malori limeumia, na shamba la mchicha lina mashaka, neno la shimo ni jingine: shamba limeuzwa, mipaka yake ndiyo iliyobaki.

Waendao upande wa Kinondoni, toka Tegeta na Bunju hata mto Mpiji, wameyaona mashimo haya kwa wingi. Mchanga ukichimbwa katika vijito, kingo huanguka, na jirani asiyeuza hata debe moja huona shamba lake likimomonyoka. Na wataalamu wamesema kwamba ufuo wa Kunduchi ulioliwa na bahari ulikosa, pamoja na sababu nyingine, mchanga ambao vijito hivyo vilikuwa vikiuleta. Masika mashimo hujaa maji, na watoto huenda kuogelea. Twawasihi sana wazazi, wekeni uzio hata wa miti.

Kuna mtu, asema mwalimu, aliye tayari kulinunua shimo ili alijaze kifusi na kujenga. Dada asikubali wala asikatae kabla ya kupima kwa futi umbali wa shimo hata ukingo wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa mto, na mafuriko ya Desemba 2011, yaliyowafanya watu wa mabondeni kuhamishiwa Mabwepande, yalionyesha kwa nini. Shimo likijazwa takataka za mjini, hatari ya sumu huanza upya. Afadhali kingo zilazwe ziwe mteremko, udongo ule wa juu uliosukumwa kando, ukiwapo bado, urudishwe, ipandwe migomba na majani ya ng'ombe, na maji yaliyobaki chini yafugwe samaki, ikiwa kipimo cha maji chakubali. Nafaka wasiitarajie hapo.

Basi twaja kwenye swali la pili, ambalo twadhani ndilo lililomfanya mwalimu achukue kalamu. Kamba haikusema uongo: kila mmoja alipata nusu ekari. Lakini mmoja amepata udongo mweusi uliolishwa samadi miaka mingi, mwingine amepata udongo uwezao kuponywa kwa misimu miwili ya mbaazi, na mjane amepata tundu. Wazee wa mabondeni walilijua jambo hili kabla ya kamba kufika. Walikata vipande virefu vishukavyo toka mwinuko hata mtoni, ili kila mtoto apate kidogo cha mtama juu na kidogo cha mpunga chini, na hasara ya mafuriko iwe ya wote. Twaona ndugu hawa wakae tena, wakate vipande vinne vya namna hiyo, shimo liwe la wote wanne na kazi ya kulaza kingo zake iwe ya wote. Wasipotaka kukata upya, basi na wampe dada fidia, nao waanze hesabu kwa kuuliza fedha za mchanga zilikwenda wapi. Ikiwa zilijenga nyumba ya mmoja wao, ama zilimsomesha mmoja, huyo amekwisha kupokea sehemu yake ya bonde, naye ndiye wa kwanza kuchukua shimo.

Mwalimu atuandikie majibu ya maabara yakija, nasi tutamsaidia kuyasoma. Mifuko ya udongo ikusanywe kabla ya masika, kwa kuwa njia ya kwenda bondeni hufungwa na tope. Habari ya kuku, na hasa ugonjwa wa mdondo, itaendelea mwezi ujao.